Xpert BCR-ABL Ultra: katriji nzuri, ila majibu huanza kuharibika kwenye chupa ya damu

Maabara yenye mashine ya GeneXpert kwa ajili ya kifua kikuu tayari ina nusu ya vifaa vya kumfuatilia mgonjwa wa CML. Kwa sababu hiyo katriji ya Xpert BCR-ABL Ultra ya kampuni ya Cepheid, inayopima mabaki ya ugonjwa huo kwenye damu, inastahili kuangaliwa kwa undani na maabara za huku kwetu. CML ni saratani ya damu iliyo adimu, mgonjwa mmoja au wawili kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Wengi hufika kliniki wakiwa bado watu wa kufanya kazi na kulea watoto, bandama imejaa upande wa kushoto wa tumbo, na FBP (kipimo cha picha nzima ya damu) inaonyesha seli nyeupe zilizopanda kupita kiasi. Dawa ya CML, imatinib, iliidhinishwa Marekani Mei 2001. Kuanzia 2002 mpango wa GIPAP, ulioendeshwa na Novartis pamoja na Max Foundation, ukaanza kuifikisha bure kwa wagonjwa wa nchi ambazo wasingeweza kuinunua.

Dawa ikafika, kipimo cha kuifuatilia kikachelewa. FBP hurudi kuwa nzuri ndani ya wiki au miezi michache, bandama hunywea, mgonjwa hunenepa, na kila mtu huamini mambo yamekwisha. Kumbe ndani ya uboho bado kuna mamilioni ya seli zenye ugonjwa. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kuwa anaendelea vizuri sana au anaelekea kubaya, na FBP ikawa ileile. Katriji hii ndiyo inayowatenganisha hao wawili.

Tuseme wazi mapema: tunaipendekeza. Inatoa jibu kwa takribani saa mbili, mtaalamu wa maabara aliyezoea katriji za kifua kikuu huijifunza kwa siku chache, na jibu hutoka kwa kipimo cha kimataifa kinacholinganishika na la Nairobi, London au Seattle. Lakini ina masharti yake, na ukiidharau itakupa namba ya uongo iliyochapwa vizuri.

Kwanza tuelewe inapima nini. Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford, wakifanya kazi Philadelphia, waliona kromosomu fupi isiyo ya kawaida kwenye seli za wagonjwa wa CML. Mwaka 1973 Janet Rowley akaonyesha kuwa kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Pale vipande vilipoungana huzaliwa jeni moja iliyounganishwa, BCR-ABL1, inayotengeneza protini ya p210, na protini hiyo huamrisha seli zigawanyike bila kupumzika. Katriji haihesabu seli. Inatafuta RNA, yaani nakala ya ujumbe, ya jeni hiyo, kisha inailinganisha na RNA ya jeni ya kawaida ya ABL1 iliyomo kwenye damu ileile. Jibu ni uwiano wa hizo mbili, na msomaji asiposhika hilo makosa yote yanayofuata yatamchanganya.

Sasa mezani. Boksi lina katriji 10 pamoja na vitendanishi vyake, na vyote hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Maabara nyingi hukosea hapa siku ya kwanza kabisa, kwa sababu katriji za kifua kikuu huvumilia hadi nyuzi 28 na zimezoeleka kukaa kwenye shelfu la stoo. Mzigo ukipokewa Ijumaa jioni ukawekwa juu ya kabati hadi Jumatatu, hasara yake haionekani kwa macho. Mwenye stoo aambiwe kabla mzigo haujatoka kwa msambazaji.

Damu ichukuliwe kwenye chupa ya kofia ya zambarau, yaani yenye EDTA. Chupa ya kofia ya kijani ina heparini, na heparini huzuia mmenyuko wa PCR, ule wa kuzidisha nakala za jeni mzunguko kwa mzunguko hadi zionekane. Chupa ya zambarau ikijazwa kidogo kisa mshipa umesumbua, hutafika mililita 4 zinazohitajika, kwa hiyo chupa moja ndogo ya kawaida haitoshi. Omba mbili. Chupa ipinduliwe taratibu mara nane hadi kumi papo hapo, kwa sababu damu iliyoganda huacha seli nyeupe zimenaswa ndani ya donge, na unachopima ni mabaki. Halafu iingie kwenye baridi, isigandishwe, na lengo liwe kuipima siku hiyohiyo au kesho yake. RNA si DNA. Vimeng'enya vya kwenye damu huanza kuila tangu sindano inapotoka. Sampuli iliyosafiri na basi usiku kucha kutoka mkoani bila kisanduku cha barafu si sampuli tena, hata kama damu inaonekana nyekundu na nzuri.

Maandalizi kwa mgonjwa aliyekwisha anza dawa na seli nyeupe zikashuka ni haya. Mikrolita 100 za proteinesi K, kimeng'enya cha kuvunja protini, zinawekwa chini kabisa ya mrija wa mililita 50, juu yake mililita 4 za damu iliyochanganywa vizuri. Vorteksi (tikisa kwa mashine ya kuzungushia mirija) kwa nguvu sekunde 3, kisha acha dakika 1. Ongeza mililita 2.5 za kiyeyushi cha seli, vorteksi sekunde 10, acha dakika 5, vorteksi tena sekunde 10, acha dakika 5 nyingine. Malizia na mililita 2 za ethanoli safi na vorteksi sekunde 10. Kwenye katriji kitendanishi cha kuoshea huingia chumba chake, na mililita 4 za mchanganyiko huingia chumba cha sampuli. Ukijumlisha utaona umetengeneza kama mililita 8.6, kwa hiyo kinachobaki kinatosha kurudia mara moja. Usikimwage kabla jibu halijatoka. Kihifadhi kwa maelekezo ya karatasi ya ndani ya boksi, na ikiwa karatasi hiyo inatofautiana na tulichoandika hapa, fuata karatasi, kwa sababu matoleo hubadilika.

Ethanoli ndiyo inayoleta tabu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Spiriti ya kufutia ngozi, ile ya asilimia 70, haifai. Chupa ya ethanoli safi iliyoachwa wazi kwenye hewa ya pwani hunywa unyevu. RNA hushika kwenye kichujio cha katriji kwa msaada wa ethanoli, na ikiwa dhaifu, RNA hupita na kwenda kwenye taka. ABL1 itachelewa kuonekana na skrini itaandika INVALID, yaani jibu batili, na wewe utailaumu katriji.

Mgonjwa mpya, au yule aliyeacha dawa akarudi na seli nyeupe nyingi, asipimwe kwa utaratibu huo. Mtengenezaji ametoa utaratibu tofauti kwa seli nyeupe zilizozidi milioni 30 kwa mililita, yaani 30,000 kwa mikrolita, au kwa sampuli ambayo hesabu yake haijulikani, na damu inayotumika ni kidogo mno. Sababu unaiona kwa macho yako mwenyewe. Tia mililita 4 za damu ya mtu mwenye seli 200,000 kwa mikrolita, ongeza kiyeyushi, kisha inua pipeti. Mchanganyiko utavutika kama mlenda kutoka ncha ya pipeti hadi kwenye mrija, uzi mmoja mrefu usiokatika. Huo ni DNA wa mamilioni ya seli uliomwagika kwa pamoja. Mlenda huo ukiingia kwenye katriji huziba kichujio, presha hupanda, na mashine husimama na ERROR 2008. Kwa hiyo FBP ya siku hiyohiyo iambatane na fomu ya maombi. Fomu isiyo na hesabu ya seli nyeupe irudishwe kliniki, au sampuli ipimwe kwa utaratibu wa damu kidogo.

Kuna jambo la usalama ambalo haliandikwi kwa herufi kubwa za kutosha. Maabara zetu humwagia jiki kila kitu. Kiyeyushi cha seli kina chumvi ya guanidini, na jiki ikikutana nayo hutoa gesi yenye sumu. Mabaki ya mrija wa mililita 50 na katriji zilizotumika visitiwe jiki. Vikusanywe kivyake na kuchomwa kwenye tanuri la hospitali lenye joto kali. Mhudumu wa usafi aelezwe kwa maneno, kwa sababu yeye ndiye mwenye ndoo ya jiki.

Kuhusu mashine yenyewe hakuna mengi. Faili la kipimo hiki huingizwa kwenye programu ya kompyuta kabla ya kutumia katriji ya kwanza, moduli (sehemu za mashine zinazopokea katriji) ziwe zimekaguliwa ukaguzi wa mwaka, chumba kisizidi nyuzi 30. Umeme ukikatika katikati, katriji imepotea, na hii si katriji ya kupoteza. UPS, yaani betri ya akiba, iwe ya kubeba mashine na kompyuta kwa saa mbili nzima. Zile za kubeba dakika 10 ni za kukupa nafasi ya kuzima tu.

Tuje kwenye namba, maana hapa ndipo kazi yote ya maabara huokoka au hupotea. Kipimo cha kimataifa kimewekwa hivi: asilimia 100 ni wastani wa wagonjwa kabla ya dawa katika utafiti mkubwa wa kwanza wa imatinib, na asilimia 0.1 ni kushuka mara elfu. Mashine hutazama ABL1 imeonekana mzunguko wa ngapi na BCR-ABL1 wa ngapi. Tuchukulie ABL1 imeonekana mzunguko wa 12 na BCR-ABL1 wa 22. Tofauti ni mizunguko 10, na kama kila mzunguko huzidisha mara mbili kamili, BCR-ABL1 ni sehemu moja ya 1,024 ya ABL1, yaani karibu asilimia 0.098. Kisha huja kizidishi cha toleo la katriji, kinachosomwa kutoka kwenye msimbopau. Kikiwa 1, mgonjwa amevuka mstari wa 0.1. Kikiwa 1.2, jibu linakuwa 0.117 na anaonekana hajavuka.

Ndiyo maana tunasisitiza kwamba 0.098 na 0.117 ni jibu lilelile kwa daktari. Mgonjwa asibadilishiwe dawa kwa tofauti hiyo, na asitiwe hofu. Kipimo cha namna hii hutikisika hata kwa mikono mizuri. Kupanda kwa kweli ni kule kunakozidisha mara kadhaa na kunakorudia ukipima tena. Kwa sababu hiyohiyo mgonjwa afuatiliwe maabara moja mwaka hadi mwaka. Anayepima leo hapa, miezi mitatu ijayo kule, anakusanya namba zisizokaa kwenye mstari mmoja.

Malengo wanayotumia madaktari yanafuata mapendekezo ya European LeukemiaNet, mtandao wa wataalamu wa saratani ya damu wa Ulaya: mwezi wa 3 iwe asilimia 10 au chini, mwezi wa 6 iwe 1 au chini, mwezi wa 12 iwe 0.1 au chini. Ikiwa zaidi ya 10 mwezi wa 6, au zaidi ya 1 mwezi wa 12, dawa imeshindwa na lazima kitu kibadilike. Katriji ya Ultra huona hadi 0.0030, kina kinachotosha kwa maamuzi yote haya. Lakini neno la kwamba BCR-ABL haikuonekana lina thamani tu ikiwa ABL1 ilikuwa nyingi. Sampuli iliyochoka, ABL1 ikachelewa lakini bado ikapita mstari wa kukubalika, inaweza kusema haikuonekana kwa sababu tu hapakuwa na RNA ya kutosha kuitafuta. Tunashauri maabara iandike mzunguko wa ABL1 kwenye karatasi ya majibu, hata kama fomu haina nafasi yake.

Kwa mgonjwa mpya namba ya juu haina uzito. Asilimia 45 na asilimia 80 siku ya kwanza haimaanishi huyu ana nafuu kuliko yule, kwa sababu ABL1 kama kigezo hupoteza ulinganifu pale BCR-ABL1 inapokuwa nyingi. Siku hiyo swali ni moja: ipo au haipo? Na hata hapo kuna mtego. Katriji hii hutambua p210 pekee. Wagonjwa wengi mno wa CML wanayo, lakini wachache wana aina nyingine za protini hiyo, p190 au p230, au muungano wa mahali pasipo pa kawaida. Mtu mwenye bandama kubwa, FBP ya CML waziwazi, na katriji ikasema haipo, asiambiwe hana ugonjwa. Sampuli yake iende kwenye kipimo cha kromosomu au FISH, kipimo cha kuonyesha muungano wa jeni kwa rangi zinazong'aa. Na yule ambaye siku ya kwanza hakupimwa kabisa, akaanzishiwa dawa kwa dalili, kisha mwaka mmoja baadaye katriji ikasema haikuonekana, hakuna ajuaye kama amepona vizuri au kama tangu mwanzo hakuwa na p210. Kwa hiyo kila mgonjwa apimwe angalau mara moja kabla ya kidonge cha kwanza.

Namba inapopanda, katriji haisemi kwa nini. Haioni mabadiliko ndani ya jeni, kama T315I inayoikataa imatinib na hata dawa zilizofuata, dasatinib na nilotinib. Kwa hilo inahitajika kusoma mfuatano wa jeni, na sampuli kwa kawaida husafirishwa mbali. Lakini kabla ya kufikiria T315I, uliza kuhusu vidonge. Sababu ya kwanza ya namba kupanda ni dozi zilizorukwa: nauli ilikosekana, dawa iliwakera tumbo kwa kunywewa bila chakula, au mtu alijiona mzima. Sababu ya pili, na huku kwetu ni ya kuogopwa, ni rifampisini. Mgonjwa wa CML akipata kifua kikuu na kuanza dawa za kawaida, rifampisini huharakisha ini kuivunja imatinib hadi kiasi chake kwenye damu kushuka kwa takribani robo tatu. Kwenye karatasi bado anakunywa miligramu 400 kila siku. Ndani ya mwili anapata kama 100. Phenitoini, karbamazepini na efavirenzi nazo huelekea upande huohuo. Inasikitisha kwamba mashine ileile inayogundua kifua kikuu chake upande huu wa meza ndiyo itakayoonyesha CML ikirudi upande wa pili, na mara nyingi kliniki hizo mbili hazizungumzi.

Upande wa fedha, msimamizi asidhani bei ya punguzo ya katriji za kifua kikuu inahusika hapa. Hii ni bidhaa nyingine, bei nyingine, na katika baadhi ya nchi wagonjwa huipata kwa njia ya misaada inayoambatana na dawa. Hesabu ya mahitaji si ngumu. Wagonjwa 40 wanaopimwa kila miezi mitatu ni katriji 160 kwa mwaka. Ongeza moja ya kumi kwa kurudia na kwa udhibiti wa ubora, unapata 176, yaani boksi 18. Usiziagize zote kwa mkupuo, zitaisha muda kabla ya zamu yake. Gawa mara tatu au nne. Na kabla hospitali haijaanza kuzungumzia kumsitishia dawa mgonjwa aliyekaa miaka mingi chini kabisa, ijue gharama: kila mwezi kwa miezi sita, kisha kila miezi miwili hadi mwaka utimie. Hizo ni katriji 9, karibu boksi zima kwa mtu mmoja, na karibu nusu ya wanaosimamisha ugonjwa hurudi, wengi ndani ya miezi sita ya mwanzo. Penye shaka ya katriji kufika kwa wakati, dawa isisimamishwe.

Njia mbadala zipo. PCR ya kawaida ya maabara kubwa hufika kina hichohicho au zaidi, na kwa wagonjwa mamia huwa nafuu zaidi kwa kila sampuli, ila inataka vyumba vilivyotengwa, watu waliobobea na kazi ya kujilinganisha na kipimo cha kimataifa mara kwa mara. Maabara ya Jerald Radich pale Fred Hutchinson, kituo cha utafiti wa saratani cha Seattle, imeonyesha kuwa tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi linaweza kutumwa kwa posta na bado likapimwa. Kwa hospitali isiyo na friji ya kuaminika njia hiyo ni bora kuliko katriji iliyopata joto, ingawa majibu huchukua muda na kina chake ni kidogo zaidi. Kwa kliniki yenye wagonjwa kati ya 10 na 150, yenye GeneXpert isiyofanya kazi mchana kutwa, katriji ndiyo chaguo letu.

Anayetaka kuanza aanze na mambo haya kabla ya kusaini oda: kipimajoto ndani ya friji na mtu mwenye jina lake wa kukisoma asubuhi na jioni, ethanoli safi kwenye chupa ndogondogo zinazofungwa vizuri, siku moja maalumu ya wiki ya kukusanya sampuli za CML ili moduli zisigombaniwe na kifua kikuu, na kadi ya mgonjwa yenye safu nne: tarehe, seli nyeupe, mzunguko wa ABL1, asilimia. Kadi hiyo akae nayo mgonjwa mwenyewe. Faili la hospitali hupotea, kadi iliyokunjwa pamoja na kadi ya bima haipotei kirahisi, na daktari mpya akiifungua anaona miaka mitano ya ugonjwa kwa kutupa jicho mara moja.